Mto Uliofuata Daraja

Asubuhi ya kuzinduliwa kwa daraja la San Telmo, madiwani walikula tambi za kukaanga chini ya turubai, padri akazinyunyizia nguzo maji ya baraka, na mke wa meya akakata utepe kwa mkasi wa fundi cherehani, maana ule wa sherehe ulisahaulika ofisini. Daraja lilikuwa zuri. Lilikuwa na taa, lilikuwa na kingo za chuma za rangi ya kijani, na jina la Meya Ponciano Baluyot liliandikwa pande zote mbili kwa herufi zinazosomeka kutoka sokoni. Kilichokosekana ni mto tu. Mto Kalinaw ulipita upande wa pili wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu, pale pale ulipokuwa ukipita tangu enzi za Wahispania.

Hakuna aliyelipigia kelele jambo hilo. Mkandarasi alikuwa shemeji wa meya, kiwanja kilikuwa cha shemeji mwingine, na sisi watu wa San Telmo tuna adabu na mambo ya familia za watu. Waliotaka kuvuka mto waliendelea kuvuka kwa mtumbwi. Juu ya daraja tulianika mpunga, na kwa kweli mji ulikuwa haujawahi kupata mahali pazuri zaidi pa kuanika mpunga, kwa kuwa upepo ulipita juu na chini.

Tatizo lilianza zilipofika habari kwamba wakaguzi wanakuja kutoka Manila kulitazama daraja. Meya Baluyot aliita kikao cha baraza la mji Jumatatu asubuhi. Feni ya ukumbini ilikuwa inageukia upande mmoja tu, na madiwani waliokaa upande huo walikuwa na furaha kidogo kuliko wenzao.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza meya. "Tulibomoe?"

"Ukibomoa utaulizwa kwa nini ulijenga," alisema Diwani Osmundo, mzee aliyekaa kwenye baraza lile muda mrefu kuliko kiti alichokikalia.

Ndipo akasimama Wakili Hilarion Macatangay. Alikuwa ndiye diwani mdogo kuliko wote, amechaguliwa mwaka ule ule, na suti yake ilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Mheshimiwa Meya, daraja limeshajengwa, halihamishiki. Lakini mto haukujengwa na mtu. Uko kule kwa mazoea tu. Mimi nimetafuta, sijaona sheria yoyote iliyouweka kule. Tukipitisha sheria ndogo ya kuuweka chini ya daraja, mazoea hayatashindana na sheria."

Osmundo akacheka mpaka meno yake ya bandia yakalegea. "Na sahihi ataweka nani, Wakili? Dagaa?"

"Mto hauweki sahihi, Mzee Osmundo. Mto unaarifiwa."

Meya akaacha kujipepea. Alikuwa mtu asiyesoma sana, lakini alijua kumsikiliza aliyesoma pale faida inapokuwa karibu.

Ni lazima nieleze huyu wakili jinsi alivyokuwa, maana leo watu wanasema mengi. Hilarion alikuwa na kipaji. Sentensi zake za sheria zilibana kama kikapu kilichosukwa na mtu mwenye subira. Ukimwaga maji ndani, hayavuji. Alikuwa akikaa na meza yake ndogo nje ya jengo la mji, akigonga mihuri ya viapo, na wakulima waliokuwa wamedhulumiwa walimwendea na kurudi na mashamba yao. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema ili tusije tukaelewana vibaya mbele ya safari.

Alilelewa na mama yake mdogo, Tiya Pacing, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyeuza wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba mlangoni pa kanisa. Wali ule ndio uliomsomesha. Siku alipofaulu mtihani wa uwakili, Tiya Pacing alitundika bango la kitambaa lenye uso wake kuvuka njia yote ya mtaa wao, kama desturi yetu ilivyo, na hakuliondoa tena. Jua lililipausha mwaka hadi mwaka mpaka uso ukatoweka, yakabaki meno ya Hilarion peke yake yakiwatabasamia wapita njia.

Mtaa wao unaitwa Lagyo. Ni kaya kama arobaini, nyumba za mianzi juu ya miguu ya mianzi, kwenye bonde dogo. Watu wa Lagyo wamezaliwa pale na babu zao wamezaliwa pale, ila hakuna mmoja mwenye hati ya ardhi. Kwenye ramani ya mji bonde lile limeandikwa *ardhi tupu*. Na daraja la Meya Baluyot lilijengwa juu ya mdomo wa bonde hilo hilo.

Hilarion aliandika sheria ile kwa siku chache tu. Alianza na "kwa kuwa" zake zote, kwa kuwa daraja lipo, kwa kuwa daraja bila mto ni hasara kwa umma, kwa kuwa mto wenyewe haujawahi kupinga, na alipofika mahali pa kueleza mto utapita wapi, kalamu ilisimama. Alienda kwa meya.

"Kuna watu pale, Mheshimiwa."

"Ramani inasema nini?"

"Inasema ardhi tupu. Lakini Tiya yangu anaishi pale."

Meya akamshika bega. "Larion, mwanangu. Hawa watu wanahitaji ardhi ya juu, yenye hati, siyo lile bonde la mbu. Tutawapa. Sheria ya kwanza mto, sheria ya pili Lagyo. Wewe mwenyewe utaiandika hiyo ya pili. Wakaguzi hawangoji, Tiya yako anaweza kungoja wiki moja."

Hilarion alirudi akaandika kwamba mto utapita katika ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Ilikuwa sentensi safi, haikuvuja popote. Sheria ikasomwa mara tatu kama inavyotakiwa, ikapita bila kura ya hapana, ikabandikwa mlangoni pa jengo la mji, ikabandikwa sokoni, na nakala moja ikapigiliwa kwenye mti ndani ya mto wenyewe, upande wa maji yanakotoka, ili mto usome kwanza kabla ya kufika mjini. Lagyo hakukubandikwa kitu. Kwenye ardhi tupu hakuna pa kubandika.

Jumamosi Hilarion alienda kumwambia Tiya Pacing. Alimkuta anakunja majani ya mgomba. Alichukua mkono wake wa kulia, akauinamia na kuugusisha kwenye paji lake la uso, kama tunavyowaamkia wakubwa zetu.

"Tiya, mto unakuja."

"Unakuja wapi?"

"Hapa."

Tiya Pacing akatazama bonde, akatazama nyumba za majirani. "Saa ngapi?"

"Kesho, baada ya misa."

"Basi nitawahi kufua," alisema. Kisha akauliza, "Na sisi?"

"Iko sheria nyingine inakuja. Yenu. Mtapewa ardhi juu, yenye hati. Naiandika mwenyewe."

"Unaiandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, Tiya."

"Basi hapo hakuna neno," alisema Tiya Pacing, akampa wali wa kula njiani.

Kesho yake watu wa Lagyo hawakungoja mto uwakute wamekaa. Kwetu nyumba ikitakiwa kuhama, majirani huingiza mianzi mirefu chini yake, wanaume wanaitia mabegani, wanawake wanatangulia na muziki na vyakula, na nyumba inakwenda. Ni kazi ya furaha. Walizinyanyua nyumba zote kwa pamoja, mabanda ya kuku yakiwemo, na Hilarion alishika kona moja ya nyumba ya Tiya Pacing, akiwa na suti yake vile vile.

Walikwenda kwanza uwanja wa kanisa. Padri aliwapa maji ya kunywa, akasikitika, akasema ardhi ni ya dayosisi na dayosisi iko mbali. Wakaenda kiwanja cha shule. Mwalimu mkuu alisema ni cha wizara. Wakaenda uwanja wa mpira wa kikapu, ambao ulikuwa na paa na jina la meya, lakini kulikuwa na mashindano. Mwishowe wakasimama mbele ya jengo la mji, nyumba arobaini mabegani, jasho likiwatiririka, na karani wa vibali akatoka nje.

"Kuweka nyumba kwenye ardhi ya mji kunahitaji kibali," alisema. "Na kibali kinahitaji anwani. Anwani yenu ni ipi?"

"Tumeibeba," alijibu mzee mmoja chini ya mwanzi.

"Anwani lazima iwe chini."

"Turuhusu tuiweke chini."

"Mpaka mpate kibali."

Hilarion aliachia kona yake ili aingie ndani kulishughulikia. Ndani alikuta madiwani wamekwishakaa, wanamsubiri kupiga picha ya kuukaribisha mto. Alisema neno kuhusu vibali. Meya akasema wiki ijayo, bila shaka, wiki ijayo. Aliposhuka ngazi, watu wa Lagyo walikuwa wameshaondoka, na mtu mwingine alikuwa ameshika ile kona.

Mto Kalinaw ulikuja alasiri. Uliinuka kwenye kitanda chake cha zamani, ukajikung'uta mchanga, ukapita nyuma ya soko pasipo haraka. Penye kivuko cha watoto wa shule ulisimama mpaka watoto waliotoka mafundisho ya Jumapili wakapita wote. Hatukusikia kishindo. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mihogo aliuvutia jiko lake kando ili upite, naye anasema ulikuwa na harufu ya mapera. Ulipofika bondeni ukalala chini ya daraja kama ulivyoelekezwa.

Watu wa Lagyo waliporudi waliukuta. Maji yalikuwa masafi, unaona majani chini yakiyumba. Walisimama ukingoni na nyumba mabegani, jua linashuka, mabega yamechubuka. Hapakuwa na mahali pengine. Basi wakaingia nazo, wakaziweka kila moja pale pale ilipokuwa, wakazifunga kwa mawe zisielee, wakaingia ndani. Wanaishi humo mpaka leo.

Mtu huzoea. Wali chini ya mto huchelewa kuiva, ila ukiiva haukauki. Moshi wa jikoni hupanda juu kama viputo, na asubuhi ukipita darajani unajua nani amechelewa kuamka. Kuku walipunguza kutaga kisha wakarudia hali yao. Alasiri za Jumapili watu wa Lagyo huwasha mashine yao ya kuimbia, ya karaoke, nyimbo zikapanda na maji, na nyimbo za mapenzi zinasikika vizuri zaidi hivyo kuliko zilivyorekodiwa. Watoto wao huja shule wamelowa. Mwalimu anawakalisha dirishani. Kanisani mabenchi ya kushoto ni yao, na padri ameweka dekio pale karibu na Mtakatifu Antonio.

Wakaguzi wa Manila walifika, wakalipenda daraja, wakaupenda mto. Mmoja aliinama kwenye ukingo wa chuma akatazama chini kwa muda.

"Naona mapaa," alisema.

"Ni kivuli cha mji," alisema Meya Baluyot.

"Kuna mwanamke anaanika nguo."

"Mji wetu una wanawake wachapakazi."

Mkaguzi aliandika hivyo hivyo.

Habari za mto uliotii sheria zilienea mkoa mzima, na mkoa mzima ukataka kumjua aliyeiandika. Baluyot alipopanda kuwa gavana, alimwachia Hilarion kiti cha meya, na Hilarion akachaguliwa kwa kura nyingi. Lagyo walipanda wote kupiga kura. Wino wa kidole haukuwashika, ukitiwa unayeyuka, ikabidi watiwe mara mbili. Siku ya kuapishwa, Tiya Pacing alikaa safu ya mbele na beseni chini ya kiti chake, ili asiharibu zulia.

"Sasa ile sheria ya pili," alimwambia Hilarion baada ya picha.

"Naianza kesho, Tiya."

Na aliianza. Nasema tena, hakuwa mwongo wakati ule. Alikaa na vitabu vyake, akagundua kitu ambacho yeye mwenyewe alipaswa kukijua: kitanda cha mto ni mali ya umma, na mali ya umma haimilikishwi mtu. Watu wa Lagyo walipokuwa kwenye ardhi tupu, walau wangeweza kuiomba. Sasa wanaishi ndani ya mto, na anayeishi ndani ya mto hana anachoweza kuomba ila mkoa uuhamishe mto kwanza. Mto ulikwishaandikishwa mkoani. Meya hakuwa tena na amri juu yake.

"Ni jambo la mkoa," alimwambia Tiya Pacing.

"Basi nenda mkoani."

Alienda mkoani. Aligombea baraza la mkoa na akashinda, na mabango yake yalitundikwa mpaka kwenye miti ya watu wasiomjua. Akasimamia ubatizo na harusi, akaketi kwenye misiba na kucheza karata na wafiwa kama mwanasiasa yeyote wa kwetu anavyopaswa. Alipoliuliza baraza la mkoa kuhusu Lagyo, alijibiwa kwa upole kwamba wakazi ni jambo la mji. Meya mpya wa San Telmo alikuwa binti wa Baluyot. Naye alisema wakazi ni wa mji ndiyo, lakini wakazi wa nchi kavu. Walio majini ni jambo la mkoa.

Wakati huo Tiya Pacing alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha polepole, kila akikohoa linatoka tone moja la maji. Daktari wa wilaya alimpima mgongo, akamtazama kucha, akasema hana ugonjwa.

"Anahitaji kukauka," alisema daktari. "Akae nchi kavu, juani, mwaka mzima. La sivyo mapafu yatajaa."

Hilarion alimwomba aje kuishi kwake, kwenye nyumba yake ya ghorofa mbili karibu na makao makuu ya mkoa. Alikuja, akakaa kwenye kochi na taulo, akapikiwa supu. Baada ya siku chache alifunga kitambaa chake kichwani.

"Unakwenda wapi, Tiya? Daktari amesema ukauke."

"Larion, mimi nina nyumba. Ninachotaka ni ardhi ya kuiweka. Na Belen jirani yangu anakohoa pia, na mume wake. Au nao watakaa kwenye kochi lako?"

Hilarion akampeleka mpaka ukingoni, akauinamia mkono wake. Paji lake lililowa, akalifuta kwa leso. Tangu siku ile, unyevu ule haukumtoka vizuri. Ukimtazama vizuri kwenye picha za magazeti unaona paji linang'aa, na watu wa mbali walidhani ni jasho la kuwatumikia wananchi.

Akawa naibu gavana. Kwetu naibu gavana ndiye anayeendesha vikao vya baraza la mkoa, na kazi yake ni kushika nyundo na kunyamaza. Hapigi kura, isipokuwa kura zikilingana. Hapo kura yake moja ndiyo inayoamua.

Mwaka huo Bi Remedios Tuazon, mwalimu mstaafu aliyeingia barazani bila kudhaminiwa na mtu, alileta hoja. Ilikuwa fupi: mto urudishwe kwenye kitanda chake cha zamani, na bonde wapewe watu wa Lagyo, kila nyumba na hati yake. Gavana Baluyot hakuipenda. Alikuwa na mpango wa kuleta mashua zenye sakafu ya kioo, ili wageni watazame Lagyo kutoka juu wakila samaki. Pia alikuwa anamaliza muda wake. Alimwita Hilarion ofisini siku moja kabla ya kikao, akaagiza kahawa mbili.

"Wamehesabu, Larion. Zitalingana."

"Najua."

"Sikuombi upige hapana. Ningekuwa mtu wa namna gani, Tiya yako yuko kule? Nakuomba usipige. Mambo haya yanataka uchunguzi." Alisukuma sukari kuelekea kwa Hilarion. "Kiti hiki mimi nakiacha mwakani. Ukikikalia, mto utakuwa wako. Utauhamisha unavyotaka, hata uupeleke baharini. Kuna ubaya gani kungoja mwaka?"

Hilarion alikunywa kahawa yake yote.

Kikaoni watu wa Lagyo walijaa viti vya wananchi. Maji yaliwatiririka, yakapita chini ya mabenchi, yakafika mbele mpaka kwenye viatu vya wajumbe, nao wakainua miguu wakiendelea kusoma ajenda. Tiya Pacing alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Alikuwa amekuwa mwepesi, ngozi ya mikono imekunjamana na kuwa nyeupe kama ya mtu aliyefua kutwa.

Kura zikahesabiwa. Zikalingana.

Hilarion alishika nyundo. Tunaomjua tuliona midomo yake ikicheza kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye ile meza ya nje alipokuwa akitafuta neno sahihi kwa ajili ya mkulima fulani. Sentensi ilikuwa pale. Ilikuwa sentensi ya neno moja. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Tiya Pacing, nikijiambia huyu ni mtoto wetu, sasa atalisema.

"Hoja hii," alisema Naibu Gavana Macatangay, "inarudishwa kwenye kamati kwa uchunguzi zaidi."

Akagonga nyundo. Watu wa Lagyo wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa sababu ni desturi yao kumpigia makofi mtoto wa kwao kila anapozungumza hadharani, na viganja vilivyolowa hutoa sauti nzito. Bi Tuazon alikusanya vitu vyake bila kumtazama mtu. Nilimchukia Hilarion siku ile, na sijui kama nimeacha.

Nje, kwenye ngazi, aliuchukua mkono wa Tiya Pacing akauinamia. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida.

"Ni mwaka tu, Tiya. Nikishakuwa gavana."

"Larion," alisema Tiya Pacing, "nimeuza wali mlangoni pa kanisa umri wangu wote. Nawajua wanaosema ngoja nizunguke kwanza, nitarudi kununua."

Hilarion hakuinua uso.

"Haya, simama, watu wanakutazama," alisema Tiya Pacing. Akafungua kikapu, akatoa wali kwenye jani la mgomba, unadondosha maji. "Kula. Umekonda."

Alikula pale pale kwenye ngazi, dereva wake akimshikia mkoba.

Mwaka uliofuata akawa gavana. Lagyo walimpa kura zao zote, wino mara mbili. Alipokikalia kiti alikuta mashua za kioo zimekwishanunuliwa, wenye mashua wamekwishalipia ukingo, na mkataba wenyewe umeandikwa na wakili mzuri, hauvuji popote. Aliutambua mtindo. Alikuwa ameuandika mwenyewe alipokuwa naibu, Baluyot alipomwomba amsaidie maneno mawili matatu. Mto haukuweza kuguswa.

Ofisi yake, kwa kutaka kumfurahisha, iliagiza bango. Daraja lilikuwa tayari na jina la Baluyot pande zote mbili, kwa hiyo bango jipya lilitundikwa chini ya daraja, pana kama sakafu ya ukumbi, limeelekea majini, ili watu wa Lagyo nao walione. Lina uso wa Gavana Macatangay unaotabasamu, na maneno ASANTE KWA KUTUJALI.

Kila Jumapili baada ya misa anakuja. Wanaoanika mpunga darajani wanamsogezea kidogo apite. Anashuka ngazi za zege mpaka maji yalipo, anakunja suruali, anachuchumaa, na mkono wa Tiya Pacing unatoka mtoni, maana siku hizi hapandi tena. Anauinamia, anaugusisha kwenye paji. Kisha Tiya hutoa kichwa mara moja kuvuta hewa ya juu, nao wanaongea mpaka kikohozi kimzidi.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale, nageuza mpunga wangu, nikawasikia.

"Kuna unachohitaji, Tiya?"

"Lile bango lako," alisema. "Jua lilikuwa linanifikia kidogo asubuhi, pale kitandani, kupitia hapo palipotundikwa bango. Sasa halifiki. Daktari alisema jua."

"Nitawaambia waliangalie."

"Kamati?"

Hilarion akatafuta leso mfukoni.

Tiya Pacing alitazama juu, akausoma ule uso wa bangoni polepole, mashavu, macho, meno, maji yakimdondoka kidevuni. Alikohoa tone lake moja.

"Liache," alisema. "Umetoka vizuri. Na hapo jua halifiki kabisa, hutapauka tena." Akamgusa paji kwa kidole, pale panapolowa, kama anayemfutia mtoto uji, akarudi chini kupika.

Gavana alijifuta kwa leso, akapanda ngazi, akapita katikati ya mpunga akiangalia asiukanyage.